Tumeorodheshwa vya Kutosha, Sasa Tujiorodheshe

Naanza na kitabu kilichokuwa kinazuia mlango.

Kwenye kituo cha vijana ninakofanya kazi hapa Kampala, upande wa Nsambya, kuna chumba tunachokiita maktaba. Ni rafu nne na mabenchi mawili. Vitabu vinatufikia kwa maboksi, kutoka kwa watu wema wa mbali ambao, nikisema ukweli, wakati mwingine wanatupa tu takataka zao kwa njia ya heshima. Tuna mwongozo wa kompyuta ambazo hazitengenezwi tena. Tuna kitabu cha kulea mbwa wa ndani. Na tuna dude moja nene kuliko Biblia, zaidi ya kurasa 1,800, ambalo kwa miezi mingi tulilitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Jina lake ni The Complete Directory to Prime Time Network and Cable TV Shows. Yaani, kwa Kiswahili chetu, orodha kamili ya vipindi vya televisheni ya Marekani vya saa za jioni, kuanzia mwaka 1946. Waandishi ni wawili, Tim Brooks na Earle Marsh.

Siku moja mvua ilitufungia ndani, umeme hakuna, watoto wamechoka kuimba. Nikakiokota pale mlangoni, nikakaa nacho.

Ndugu zangu, hawa watu wameandika kila kitu. Kila kipindi kina mahali pake, kwa alfabeti. Kilianza tarehe ngapi, kiliisha tarehe ngapi, kilikuwa siku gani, saa ngapi, kituo gani, nani aliigiza kama nani, na hadithi yenyewe kwa ufupi. Ukienda nyuma unakuta ratiba za jioni za kila msimu, miaka na miaka. Unakuta vipindi vilivyotazamwa na watu wengi zaidi kila msimu. Unakuta tuzo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1979, na mwaka 1980 likapewa tuzo ya vitabu ya kitaifa huko kwao. Hili letu ni toleo la 9, la mwaka 2007, na baada ya hilo hawakutoa jingine.

Mfano mmoja tu. Kulikuwa na kipindi cha vichekesho kinaitwa Turn-On. Kilionyeshwa na ABC tarehe 5 Februari 1969. Mara moja tu. Watazamaji walikichukia, vituo vingine vikakikata hata kabla hakijaisha, na hakikurudi tena. Ni aibu tupu. Lakini na chenyewe kimo kwenye historia, kina tarehe na kina watu wake.

Nikafunga kitabu, nikajikuta nimekasirika. Nawaandikia ili mkasirike pamoja na mimi.

Mimi nimeorodheshwa, ndugu msomaji, na wewe pia. Mwaka 2018 nchi nzima tulipanga mistari, tukahakikiwa alama za vidole na macho. Tuna namba ya kitambulisho na namba ya familia, tuna ukubwa wa familia. Wenzetu wa Nakivale na Kyaka II wana na kadi za mgao. Kila warsha tunayohudhuria mjini inaanza na karatasi: jina, umri, jinsia, taifa, namba ya simu, sahihi. Nafikiri sahihi yangu iko kwenye karatasi za mahudhurio mara nyingi kuliko mahali pengine popote duniani. Na orodha hizo zote zinajibu maswali mawili tu: tuko wangapi, na tunakosa nini. Hakuna hata moja inayouliza tulikuwa tunacheka nini.

Mtasema, ah, mambo ya televisheni, si upuuzi huo? Ngojeni kwanza niwaambie habari ya fundi cherehani.

Siku ile ile ya mvua aliingia mzee mmoja mwenye mashine yake jirani na kituo. Ni mtu wa Bukavu. Akaona nimekumbatia kile kitabu.

“Mutoto, unasomaka nini kikubwa hivi?”

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi tafuta K2000.”

Nikaenda kwenye herufi K. Hamna. Mzee akakataa kabisa. Akaanza kutuelezea: gari jeusi, linaongea na mwenye gari, mbele lina taa nyekundu inayokimbia huku na huku. Alikuwa anaigiza na sauti ya lile gari, watoto wote wamemzunguka. Kijana mmoja akatafuta kwenye simu yake. Kumbe kwa Kiingereza ni Knight Rider, Wafaransa ndio walioibatiza K2000. Tukaikuta kitabuni: NBC, kuanzia Septemba 1982 hadi 1986. Mzee alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa picha ya harusi yake.

Halafu akauliza, “Na Bukavu? Ilifika lini?”

Kitabu hakijui, na hakikuandikwa kwa ajili ya kujua hilo. Mzee akajijibu mwenyewe. Alisema kwao mtaani kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye mashine ya video, na watoto walikuwa wanalipa kwa kumchotea maji, ndoo moja kwa kaseti moja. Asiye na ndoo alisimama dirishani. Alituambia pia habari ya televisheni ya taifa wakati ule wa Zaire, jinsi kabla ya habari za jioni sura ya Mobutu ilivyokuwa inashuka kutoka mawinguni kama Mungu. Vijana wetu walicheka, walidhani anatania. Hatanii. Wazazi wenu wengi waliiona. Waulizeni leo usiku.

Kwa nusu saa nilijifunza kuhusu Bukavu ya miaka ile kuliko nilivyojifunza darasani miaka yote. Sikuandika hata neno moja. Nilidhani nitakumbuka. Sasa hivi nimesahau jina la yule mfanyabiashara wa kaseti, na nimesahau mtaa.

Hiyo ni kosa langu. Sasa nieleze la pili, ambalo linauma zaidi.

Mimi nilifika Kampala mwaka 2008, nina miaka tisa, tumekimbia vita vya Kivu Kaskazini. Kiganda changu cha kwanza sikukipata shuleni. Nilikipata kwenye kibanda cha video huko Katwe, kwa shilingi 300, nimekaa kwenye ubao katikati ya watu wenye jasho. Mliokulia hapa mnajua. Filamu ni ya Marekani au ya Hong Kong, lakini VJ ameingia na kipaza sauti, amepunguza sauti ya wazungu, anatafsiri, anatania, anaongeza yake. Muuaji wa Chicago anakimbilia Owino. Polisi wanaomba chai kama polisi wa barabarani. VJ Jingo ndiye aliyenifundisha kutukana na kuomba msamaha kwa Kiganda, na vyote viwili nilivihitaji shule. Nilipoona Prison Break kibandani, Scofield alikuwa mtu wa Katwe kabisa.

Prison Break imo kitabuni. Fox, 2005, majina yote sawasawa. Na kwa sababu toleo letu ni la 2007, mle ndani hadithi haijaisha. Lakini kwamba Scofield aliongea Kiganda, na kwamba watoto wa Goma waliokuwa hawana lugha ya kuombea maji jirani waliipata kwake, hilo halimo. Mmarekani hana kosa hapo. Aliandika alichokiona kwao. Sisi ndio tuliokiona chetu.

Sasa yule mwenye kibanda alikuwa na daftari kubwa la kaunta. Nililiona kwa macho yangu. Kila siku aliandika: tarehe, filamu, VJ, watu wangapi, pesa ngapi. Alifanya hivyo ili mfanyakazi wake asimwibie, hakuna sababu nyingine. Lakini bila kujua, alikuwa anatuandikia kitabu chetu, miaka na miaka ya jioni za Katwe. Machi 2020 korona ikafunga kumbi zote, na yeye hakufungua tena. Mwaka jana nikaenda nyumbani kwake kuliomba lile daftari. Mke wake alinipokea vizuri, akanipa chai. Daftari? Waliliuza kwa mtu wa karanga, kwa kufungia.

Nimepita sana njia ile. Huenda nimekula karanga kutoka kwenye ukurasa wa Prison Break.

Basi hapo ndipo ninaposimama: kutunza orodha ya mambo tuliyoyatazama si anasa ya matajiri. Tunaihitaji kuliko wao, kwa sababu vyetu vinapotea haraka zaidi. Najua wapo wanaopinga, na nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili, na nawaheshimu. Tuliandika ombi dogo kwa shirika moja, sitalitaja: madaftari, kinasa sauti kimoja, nauli za vijana wanne. Jibu likaja kwamba haliendani na vipaumbele. Afisa mmoja, mtu mwema kwa kweli, aliniita pembeni akaniambia, “Kaka, watu wana njaa.” Najua, bwana. Naishi nao. Tangu misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025 mgao umeguswa kila kambi, na hapa mjini ambako mgao haukuwepo tangu zamani, kuna nyumba zinazopika mara moja kwa siku, yetu ikiwemo. Lakini tusidanganyane. Pesa tuliyoomba haifiki ile ya chai ya saa nne kwenye warsha moja ya siku tatu. Na vinasa sauti mnavyo. Nimenaswa sauti mara nyingi sana. Kila mara swali ni lile lile: mlikimbiaje, nani alikufa, uliona nini. Nimelieleza mpaka nalieleza kama shairi la shule. Hakuna aliyewahi kuniuliza tulikuwa tunatazama nini jioni ile kabla ya kukimbia. Tulikuwa tunatazama diski ya Jackie Chan kwa jirani, na haikuisha. Ukiniuliza hilo ndipo utajua kwamba kabla ya kuwa mkimbizi nilikuwa mtoto fulani, wa mtaa fulani, mwenye jioni zake.

Wa pili ni ninyi vijana wenzangu. Mnasema, “Yote yako YouTube.” Hebu tafuteni humo ndoo moja kwa kaseti moja. Tafuteni daftari la Katwe. Halafu kumbukeni Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilivyozimwa nchi nzima siku kadhaa. Kumbukumbu iliyo kwenye mkono wa mtu mwingine inazimwa na mtu mwingine. Na msidhani filamu yenyewe ndiyo salama. Wote mnaijua Who Killed Captain Alex? ya Wakaliga, ya Isaac Nabwana, ya mwaka 2010. Dunia nzima imeicheka na kuipenda. Lakini ile ya asili, isiyo na sauti ya VJ Emmie juu yake, haipo tena. Kompyuta ilijaa, ikabidi kufuta ili kutengeneza filamu nyingine. Kilichobaki ni nakala yenye maneno ya VJ.

Msione ni umaskini wa Afrika tu. Marekani kulikuwa na mtandao wa televisheni ulioitwa DuMont, uliorusha vipindi tangu 1946 mpaka 1956. Ulikufa. Filamu zake nyingi hazipo. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams alitoa ushahidi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilipakiwa kwenye malori na kumwagwa majini, bandarini New York. Kwa hiyo vipindi vingi vya DuMont huwezi kuviona tena. Ila vimo kwenye kile kitabu cha mlangoni kwetu. Jina, siku, saa, waigizaji. Picha imezama, orodha imebaki. Kama matajiri wenye maghala waliokolewa na orodha, sisi tunaosafiri na mfuko mmoja tutaokolewa na nini?

Hata hapa Kampala tuna mfano mzuri. Mwaka 2015, kwenye shirika la utangazaji la taifa, UBC, zilipatikana kabatini negativu za picha za wakati wa Amin, yapata 70,000. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa Jumba la Makumbusho, na watu walienda kutafuta sura za ndugu zao. Zingeweza kufungiwa karanga vilevile. Ziliokoka kwa kuwa ziliwekwa mahali.

Wa tatu ni wazee na watumishi wa Mungu wanaosema televisheni ni mchezo wa kupotezea wakati. Sawa, mzee wangu, sibishani na wewe. Lakini Wamarekani wameandika upuuzi wao wote kwa kurasa 1,800 na hawaoni haya. Kenya watu wamecheka na Vitimbi miaka mingi, na Mzee Ojwang alipofariki mwaka 2015 alililiwa mpaka nje ya Kenya. Tanzania bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walishakuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo Mtanzania wa rika la baba yangu anaweza kukwambia hasa alikuwa wapi alipoona televisheni mara ya kwanza. Na Tanzania wana Lufufu, aliyekuwa anatafsiri filamu kwa Kiswahili kama VJ wetu hapa. Huo ni mchezo, ndiyo. Ila ni mchezo ulioingia kwenye lugha tunazosema na jinsi tunavyotaniana, na mahali tulipojifunza kukaa pamoja gizani na watu wa kabila lingine bila kupigana.

Wa nne sikumtarajia. Ni mama mmoja wa kikundi cha ushonaji. Nilipofungua daftari na kumuuliza jina lake, alisimama. Alisema kwao watu waliuawa kwa orodha. Mtu alikuja na karatasi, akasoma majina, na waliosomwa hawakurudi. “Sitaki jina yangu mu kitabu cha mutu.” Nilinyamaza, kwa sababu hilo halina jibu la haraka, na wengi wetu humu tunaelewa anachosema. Niliondoka nikafikiri siku nyingi kama niache.

Sikuacha, lakini nimebadilisha. Orodha yetu haitakuwa ya watu. Itakuwa ya vipindi na filamu. Hatutaki jina lako, hatutaki kabila, hatutaki namba ya simu, hakuna sahihi. Kile kitabu cha Wamarekani hakina majina ya watazamaji hata mmoja, na bado kinawaheshimu, kwa sababu kimeandika kilichokuwa mbele ya macho yao. Nilirudi nikamweleza yule mama. Hakusema ndiyo. Alisema tu kwamba wakati wao, kila Jumapili, walikuwa wanaenda kwa padri kuona filamu moja ile ile ya Yesu, mpaka watoto wakawa wanasema maneno kabla ya Pilato. Kisha akaniangalia: “Hiyo andika.” Niliandika.

Sasa kazi yenyewe. Tumenunua wenyewe daftari la kaunta, lile kubwa la mistari miwili, na liko juu ya meza ya maktaba kila Jumamosi baada ya saa nane mchana. Kila ukurasa una maswali sita. Kipindi au filamu gani, kwa jina mlilolitumia ninyi, hata kama si jina lake? Mliionea wapi: mji, mtaa, kwa nani au kibanda gani? Mwaka gani, na kama hukumbuki mwaka, ilikuwa kabla au baada ya nini? Tusiwadharau wanaosema “kabla ya volkano.” Watu wa Goma wote tunajua ni Januari 2002. Mlilipa nini? Nani alikuwa anatafsiri, na kwa lugha gani? Na la sita: mlikuwa mnacheka au mnalia wapi?

Msiandike vizuri. Andikeni tu. Asiyejua kuandika aje, tutamwandikia. Watu wa Nakivale na Rwamwanja, tumieni daftari lolote, mtuletee mtu anapokuja mjini. Wasomali wa Kisenyi, Waeritrea, Wasudani Kusini, andikeni kwa lugha zenu. Ninyi wafanyakazi wa mashirika, hamlazimiki kutoa pesa. Kaeni chini jioni moja na kujaza ukurasa wenu, kwa sababu nanyi mlikuwa watoto mahali fulani.

Mpaka leo tuna kurasa 41. Ukurasa wa kwanza ni wa fundi cherehani. Jina la yule mfanyabiashara wa kaseti nalo yeye hakulikumbuka tena, tukaacha mstari wazi. Kama kuna mtu wa Bukavu anayesoma hapa na aliwahi kuchota maji ili aone K2000, mstari wako huo unakungoja.

Mlango wa maktaba sasa tunauzuia kwa jiwe.